Vigae vya Kilwa kwenye hedifoni: uzoefu wangu na podikasti ya makumbusho

Wadau kama hamjawahi kusikiliza A History of the World in 100 Objects ya BBC Radio 4 na British Museum itafuteni, ni ya mwaka 2010 lakini mpaka leo sijapata podikasti ya makumbusho inayoifikia. Vipindi 100, kila kimoja kama robo saa hivi kinahusu kitu kimoja, na msimulizi ni Neil MacGregor ambaye wakati ule ndo alikuwa mkurugenzi wa makumbusho yenyewe.

Anzeni na cha 60, cha Kilwa. Jamani ni vigae tu! Vipande vya vyombo vilivyookotwa ufukweni Kilwa Kisiwani, vitu ambavyo ukipita unavikanyaga, alafu anakuchambulia kimoja kimoja, hiki kaure ya China, hiki cha kung'aa kimetoka Mashariki ya Kati, hiki cha udongo wa kahawia kimefinyangwa hukuhuku kwetu cha kupikia, na hapo ndo unaelewa watu wa Kilwa walikuwa wanafanya biashara na bahari nzima ya Hindi kabla Mreno hajatia nanga. Na wamemuweka Bertram Mapunda, wakati ule mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na mwandishi Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, miaka 11 kabla hajapata Nobel. Nilifurahi mno kusikia wa kwetu wanaeleza vya kwetu.

Sauti ina faida ambayo sikuitegemea, kwasababu hakuna picha msimulizi inabidi akueleze ukingo, rangi, uzito mkononi, na wewe huwezi kuruka. Kwenye kabati la kioo tunasoma kibao tunapita. Cha 2 na cha 3 ni zana za mawe za Olduvai, ya zamani zaidi ina kama miaka milioni 1.8, ukiiona ni jiwe, ukiisikia unajua lilivunjwa wapi na kwanini.

Video ni kwa vitu vinavyotembea. Kwenye chaneli ya YouTube ya British Museum kuna ile ya 2017 Irving Finkel, mtaalamu wa makumbusho hayo, anacheza mchezo wa kifalme wa Ur, mji wa kale, na mwanayoutube Tom Scott, ubao asilia ulichimbwa Iraq miaka ya 1920, na sheria Finkel mwenyewe alizisoma kwenye kibao cha udongo chenye maandishi cha Babeli cha mwaka 177 KK. Mzee wa ndevu nyeupe anakomaa kushinda kama yuko kwenye bao la barazani, raha tupu.

Kinachoniuma ni lugha, yote Kiingereza. Vigae viko London, mtu wa Kilwa kuvifuata ni viza na tiketi ya ndege, kinachoweza kumfikia kwenye simu ni hii sauti alafu haielewi. Natamani sana Makumbusho ya Taifa Dar watoe ya Kiswahili, fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolipata Mary Leakey 1959 lenyewe tu linatosha vipindi vitatu.

Kuhusu bando, vipindi vya sauti pakueni mkiwa kwenye waifai, faili ni dogo. Video ya Ur hata 360 inatosha, ila anapoanza kueleza kete zinapita njia gani ongezeni maana alama za kwenye ubao hazionekani vizuri.