Mwaka mzima natema damu, na hakuna aliyenipima fizi

Bado nina hasira, mnisamehe. Kliniki yenyewe ya meno iko katikati ya jiji, ghorofani, si mbali na matatu za Umoja. Nimeenda pale mara tatu, kama si nne, na shida ni ileile: nikipiga mswaki, mate yanatoka mekundu. Kila mara wananisafisha meno juu juu, naambiwa "unasugua kwa nguvu, mama, nunua mswaki laini," nalipa, nashuka ngazi.

Mara ya mwisho nikamwuliza daktari mbona jino la mbele, la chini, limeanza kucheza. Hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Ni umri, mama. Na huo mdomo huutunzi." Mlango uko wazi, watu wote wa mapokezi wanasikia! Nina miaka 43. Nilitoka nimejiziba mdomo kwa leso mpaka stejini.

Dada yangu ndiye aliyenipeleka kwa daktari mwingine, upande wa Ngong Road. Huyu alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akawa anakipenyeza taratibu kati ya jino na ufizi, jino baada ya jino, huku akimtajia msaidizi wake: tatu, tatu, tano, sita. Akanieleza kwamba kwenye ufizi wenye afya kijiti hakizami zaidi ya milimita 3. Kikizama 4 na kuendelea, ufizi umeanza kuachana na jino, na ukoga umegandia huko chini ambako mswaki haufiki. Eksirei ikaonyesha mfupa umeshuka. Akauliza kama nina kisukari, kama navuta sigara. Kule mjini nani aliwahi kuniuliza? Nikachomwa ganzi, mizizi ikakwanguliwa upande mmoja, baadaye upande wa pili. Nitarudi baada ya miezi 3 apime upya.

Damu imekoma. Ila ameniambia wazi: ufizi uliovimba tu hupona kabisa ukiwahiwa, lakini mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe.

Nilitaka kusema ile kliniki ya mjini si mbaya ukienda kusafishwa tu. Bei yao ni nafuu, na yule msichana anayesafisha ana mkono mwepesi kweli. Lakini kila nikigusa hili jino kwa ulimi, linacheza. Na kile kijiti cha chuma nilikitambua. Kule mjini kilikuwa kwenye trei kila nilipokwenda, na hakuna aliyekishika. Msiende, jamani. Hata kusafishwa, msiende.