Nyumba ya doli ya "pwani" niliyoagiza nikaijengea Kigoma, hela imeenda sawa au nimepigwa?

Kwanza niweke hili sawa, mi ni fundi simu, kibanda changu kipo Mwanga hapa Kigoma mjini, na siku nilipomwambia mama watoto kwamba nimeanza kujenga kinyumba aliweka mwiko chini akaniangalia mpaka nikajieleza mwenyewe bila kuulizwa, kwamba ni nyumba ya mwanasesere, ya mbao, ndogo, ya mtoto. Kwahiyo humu ndani nitaita nyumba ya doli tu tusije tukagombana tena.

Binti yangu ana miaka tisa, aliziona kwenye simu yangu akakomaa nazo mwezi mzima, baba ile nyumba ya baharini, baba ile nyumba ya baharini, nikaagiza kupitia wakala wa Dar anayetoa mizigo China. Seti elfu themanini na tano, juu yake elfu kumi na mbili ya kuitoa Dar na basi mpaka huku mwisho wa reli. Boksi halina hata jina la kampuni la maana, maandishi ya Kichina na Kiingereza cha kuungaunga, picha nzuri sana nje. Ile picha msiiamini sana, nitafika hapo.

Kwa wanaotaka jibu fupi, mbao ni safi kabisa, gundi yao tupa, taa ni hovyo mpaka uzirekebishe, na pwani yenyewe siyo ya kwetu. Naipa nyota tatu na nusu. Ingekuwa haina mbao nzuri hivi ningeipa mbili.

Sasa mbao. Zimekatwa na mashine ya leza, vipande vinakaa kwenye ubao wake kama vidonge kwenye pakiti, unasukuma na kidole vinatoka, kingo nyeusi kidogo kwasababu ya kuungua na vina harufu ya moshi siku mbili tatu. Nilipitisha msasa laini kidogo tu. Kila tundu linakutana na ulimi wake, sikuhitaji kulazimisha hata kipande kimoja na kwa mtu aliyezoea kufungua simu za bei rahisi ambazo skrubu moja tu ndo inakaa sawa, hii ni heshima kubwa. Nyumba ni ya ghorofa moja, baraza mbele, ngazi pembeni, halafu kuna jukwaa lile la mbele ndo ufukwe wenyewe. Kuta za nyuma ni MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, angalizo, MDF ikinywa maji inavimba kama mkate kwenye chai na hairudi tena, kwahiyo kama unajenga masika huku kwetu usiiache karibu na dirisha. Mimi kona moja imevimba. Nimeificha na pipa.

Kitabu cha maelekezo kina picha tu na namba, sawa, ila ukurasa wa ngazi namba mbili zimebadilishana, nilipoteza jioni nzima nikidhani nina kipande pungufu kumbe nilikuwa nakishika mkononi. Plastiki ile ya kioo ya kufunikia vumbi ilifika na ufa, hapo simlaumu aliyetengeneza, ile safari ya basi hata mimi ningefika na ufa.

Gundi. Chupa waliyoweka ilikuwa imeshaganda nusu. Nunueni gundi nyeupe ya mbao dukani mpake tu, inakauka taratibu inakupa muda wa kunyoosha ukuta. Kosa nililofanya mimi ni kutumia supa gluu kwenye madirisha kwasababu ndo niliyozoea kazini, na najua kabisa mvuke wake unaweka ukungu mweupe kwenye plastiki ya kioo, nimeshaharibu kioo cha kamera ya mtu namna hiyo zamani, lakini usiku saa tano akili inakuwa imelala. Madirisha mawili sasa yana ukungu, nikamwambia binti ni asubuhi ya baridi, akakubali, ila mama yake hakukubali.

Taa ndo zilinikasirisha. Vitaa vya LED vyeupe vinne, waya mwembamba kama unywele, vimeungwa kwenye kasha la betri mbili ndogo za rimoti. Betri mbili ni volti 3, LED nyeupe inahitaji kama hizo hizo 3, kwahiyo siku ya kwanza inawaka vizuri, betri zikishuka kidogo tu inakuwa taa ya msiba. Na betri hazimo kwenye boksi. Mi nikakata kasha lote nikaunga waya wa chaja ya simu iliyokufa, ile ni volti 5, hapo LAZIMA uweke rezista, kile kipande cha kupunguza umeme, moja kwa kila taa, mi nimeweka za oumu 100, ukiunga moja kwa moja utaona mwanga mkali sana kwa muda mfupi sana. Kama hujui kuchomelea na risasi mpelekee fundi yeyote ni kazi ya robo saa. Hapa ndo naona walionunua bila kuwa na fundi jirani watalia.

Haya tuje kwenye hiyo pwani.

Ukifungua kile kifuko cha mapambo unakuta makombe, viti vya pweza (wale wanyama wenye umbo la nyota), nanga, boya jekundu na jeupe, usukani wa meli wa kutundika ukutani, minazi miwili, jahazi jeupe la matajiri, na kaa. Binti akachukua kiti cha pweza akaniuliza, baba hii nyota imeanguka? Nikamwelezea ni mnyama wa baharini, akasema hajawahi kumuona pale ufukweni Kibirizi, na ni kweli hawezi kumuona, Ziwa Tanganyika ni maji baridi yasiyo na chumvi, hayana huyo mdudu wala matumbawe wala maji kupwa na kujaa. Tukakaa kimya wote wawili tunaangalia vile vitu. Mtoto alikuwa anasema nyumba ya baharini mwezi mzima ila kichwani mwake kumbe alikuwa anaona ziwa, ndo maji makubwa pekee anayoyajua.

Halafu kuna suala la vipimo, wamechanganya. Seti ni 1:24, maana yake mtu wa sentimita 168 humo ndani ana sentimita 7. Sasa kombe walilotoa lina sentimita 2, zidisha mara 24, hilo ni kombe la karibu nusu mita, unaweza kuogeshea mtoto. Kaa yeye ni mkubwa kuliko kiti cha barazani, mtu wa nyumba hiyo hawezi kulala usingizi. Kwenye picha ya nje ya boksi huoni kwasababu wamempiga picha kwa mbali nyuma ya mnazi, wajanja.

Na mchanga. Mchanga wao ni wa rangi ya machungwa kama Fanta. Nikaenda kuchota wetu Kibirizi, nikarudi kwa furaha nikamwaga, ikawa kama eneo la ujenzi. Kumbe punje ya nusu milimita ukikuza mara 24 ni kokoto ya zaidi ya sentimita moja, hesabu rahisi lakini mpaka ukosee ndo unaifikiria. Nikauchekecha na chujio la chai, bado, nikauchekecha tena na soksi ya nailoni ya mama watoto (iliyochanika, aliniruhusu) ndo ukatoka ule laini kama unga, huo ndo ukapakaa vizuri kwenye gundi. Uoshwe kwanza na ukauke juani siku nzima, wa kwetu una vumbi linaloweka gundi tope.

Baada ya hapo tukawa tumeshaharibika, hatukurudi kwenye kitabu chao tena. Minazi tukaing'oa nazi tukaigeuza michikichi, mashada nimetengeneza na punje za ulezi zilizobandikwa moja moja na twiza, ulezi una rangi yake ya kiudongo tayari nikapaka wekundu kidogo tu, na ukubwa wake ukiukuza unakuja kama chikichi kweli, nilishangaa mwenyewe. Punje kama mia mbili hivi, macho yaliuma, ile lenzi ya kazini ndo iliniokoa. Jahazi la matajiri nikalifuta rangi nyeupe nikalipaka lami na bluu iliyochakaa, mlingoti ukatoka, likawa boti la dagaa, na kitaa kimoja cha LED nikakitoa chumbani nikakining'iniza mbele ya boti kiwe karabai, ile taa ya kuvutia dagaa usiku wa giza. Chumba sasa kina giza, lakini karabai inawaka.

Chanja la kuanikia dagaa ni kitu ninachojivunia kuliko ukuta wowote. Njiti za meno za miguu, juu kipande cha chandarua, na dagaa nimewakata kwenye karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara aliyoiacha mteja, kila mmoja milimita tatu, yaani dagaa wa sentimita saba. Chandarua hicho hicho nilitaka kukitumia kwa wavu wa boti nikasita, kwanza unajua uvuvi wa vyandarua ni kesi, pili matundu yake ukikuza mara 24 yanakuwa karibu sentimita tatu, dagaa wote wanapita wanakuaga. Wavu nao nikarudi kwenye ile soksi.

Maji. Seti ina vichupa viwili vya resini, kimiminika kinachoganda kikawa kama kioo, unachanganya A na B kwa uwiano walioandika, na hapo msikadirie kwa macho jamani, ukizidisha kimoja haigandi maisha, inabaki inanata kama asali. Nimepima na bomba la sindano lisilo na ncha, nikachanganya taratibu isiingie hewa, nikamwaga tabaka nyembamba, nikasubiri siku nzima, nikamwaga nyingine. Fanyeni nje au madirisha wazi, na mtoto akae mbali mpaka igande, ile harufu siyo ya kuchezea. Kitabu kinasema weka rangi ya bluu moja sawasawa kote, mi sikuweka. Mtu yeyote aliyesimama juu Bangwe anajua maji yetu ufukweni ni ya kijani ya kioo halafu hatua chache mbele yanakuwa meusi ghafla, ziwa linashuka mpaka mita 1,470 huko chini, siyo bwawa. Kwahiyo tabaka la mbele halina rangi kabisa na la nyuma nimeweka wino wa kalamu. Hapo nawapa maksi zao zote, resini yao ni nzuri, inang'aa, haijapata rangi ya njano mpaka leo, na huu ni mwezi wa nne tangu niimwage.

Binti akaniuliza na Liemba iko wapi. Nikapiga hesabu mbele yake kwenye kikokotoo, meli ina mita 71 na kidogo, gawa kwa 24, unapata karibu mita 3, tutalala wapi? Ila nikamwambia jambo lililomfurahisha, kwamba Liemba nayo ilikuja Kigoma kwenye maboksi kama nyumba yake. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua yote, wakaipakia vipande vipande kwenye maboksi kama 5,000, meli mpaka Dar, kutoka pale reli, na ikaungwa upya hapahapa ikashushwa majini mwaka 1915. Akafikiri kidogo akasema, na wao kitabu chao kilikuwa na namba zimekosewa? Sina jibu. Najua tu mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe isichukuliwe na maadui, na Waingereza walipoiibua mwaka 1924 ilikuwa bado inafaa, kwahiyo hao mafundi hawakutumia supa gluu.

Imenichukua wiki sita, usiku usiku. Kama una mtoto chini ya miaka nane usimwachie, vitu ni vidogo vinaingia puani. Kama unataka kujenga tu kama ilivyo kwenye boksi, nunua, utapata nyumba nzuri ya pwani ya mahali ambapo kaa ana ukubwa wa mbuzi. Kama unataka iwe ya kwako, tenga kama elfu kumi na tano ya gundi, rangi, msasa na rezista, na kile kifuko cha mapambo mpe mtoto wa jirani.

Nyumba ipo kibandani kwangu, juu ya kabati la vioo, wateja wanaiangalia wakisubiri. Wiki iliyopita alikuja mvuvi mmoja wa Kibirizi, mzee, simu yake imeingia maji kama kawaida yao, nikampa shikamoo, akaitikia huku macho yapo kwenye ile nyumba. Akainama muda mrefu sana. Nikasubiri sifa. Akasema, fundi, chanja umepatia, ila boti umelifunga kamba fupi, upepo ukigeuka usiku linapasuka kwenye hilo jiwe. Halafu akanyoosha kidole kwenye karabai, akatazama nje, akanirudia, "Na mbalamwezi yote hii, hawa wanavua nini?"

Kamba nimerefusha. Taa ya boti binti ndo anaizima, anatoka nje kwanza kuangalia juu.