TAHADHARI: Makundi ya "kazi za simu" ambamo kila mtu anashukuru kalipwa

Ndugu zangu, naomba msome hadi mwisho, kisha mumwonyeshe mama, shangazi au mdogo wenu yeyote mwenye simu janja.

Kuna makundi ya WhatsApp na Telegram yanayodai kuajiri watu kufanya kazi kwa simu. Unapenda video, unafuata kurasa, unatuma skrinshoti, unalipwa. Mama yangu mdogo, muuza vitenge, ameliwa humo akiba yake ya muda mrefu. Ameniruhusu niandike. Jina la kundi siliweki kwa sababu halitawasaidia: wanalifuta na kufungua jingine lenye nembo mpya. Utaratibu ndio haubadiliki, basi shikeni utaratibu.

Inaanza na namba usiyoijua, mara nyingi picha ya dada nadhifu anayejiita afisa ajira. Siku ya kwanza unalipwa kweli, elfu mbili au tatu, na ujumbe wa muamala unauona kwa macho yako. Baada ya hapo unahamishiwa kwenye kundi kubwa lenye ngazi. Ukitaka kazi za malipo manono unaweka elfu hamsini, halafu laki, halafu laki tatu. Kwenye tovuti yao salio lako linapanda kila siku. Ukitaka kulitoa, unaambiwa utangulize "kodi", au umekosea hatua hivyo akaunti imefungwa, ongeza kiasi fulani ifunguliwe. Ukituma hicho, kinazuka kingine.

Najua wengine mnasema utapeli huo ni wa zamani, nani asiyeujua? Mama mdogo aliujua. Aliwahi kumzuia jirani yake asijibu zile meseji za "hela tuma kwenye namba hii". Ni mtu wa kugeuza noti mara mbili kabla hajaitia kwenye pochi. Kwa hiyo nilipokaa na simu yake nikasoma mazungumzo yote ya lile kundi tangu mwanzo, nilichotaka kujua ni kitu gani kilimlegeza mtu kama huyo. Faida iliyoahidiwa haikuwa kubwa ya kutisha. Kilichomlegeza ni wale watu waliokuwa humo ndani.

Nawaeleza nilichokiona. Saa tatu kamili asubuhi "mwalimu" anatuma kazi za siku. Kabla dakika haijaisha, namba tano zinajibu "asante mwalimu nimepokeya", zote na kosa lilelile la tahajia. Jioni zinamiminwa skrinshoti za malipo, na zote zimekatwa juu ili usione tarehe. Mmoja anasema kamlipia mtoto ada, mwingine kanunua friji. Mtu akichelewa kulipia ngazi, anaulizwa mbele ya wote: "Mama fulani, wenzako tumeshapanda, wewe unangoja nini?" Mama mdogo alipouliza kwa nini pesa yake haitoki, hakujibiwa na mwalimu. Alijibiwa na "wenzake" wanne mfululizo kwamba hakusoma maelekezo, wa tano akamwandikia, "Mama usituharibie kundi." Akaomba radhi. Mwanamke wa umri ule, aliyeibiwa, akawaomba radhi waliomwibia! Sehemu hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko zote.

Namba hizo zilizoshukuru zilikuwa za nani? Kwa jinsi zilivyoandika, na jinsi zilivyonyamaza zote kwa pamoja siku kundi lilipofungwa, sina shaka kwamba nyingi zilikuwa za matapeli wenyewe. Yawezekana watu halisi humo walikuwa wachache tu, kila mmoja akidhani amezungukwa na mashahidi.

Mpango huu una ndugu yake wa kisayansi. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa wanafunzi wa chuo. Aliwaonyesha mstari mmoja kwenye kadi, kisha mistari mitatu kwenye kadi nyingine, waseme upi unalingana na ule wa kwanza. Mtoto mdogo angejibu. Ila chumbani wote walikuwa wamepangwa na Asch, isipokuwa mmoja asiyejua lolote, na zamu yake ya kujibu ilikuja mwishoni. Wale waliopangwa walitaja jibu la uongo kwa pamoja, bila kutabasamu. Karibu theluthi moja ya majibu ya wale wasiojua yalifuata uongo huo, na takribani watatu kati ya kila wanne walifuata angalau mara moja. Wakijibu peke yao, karibu hawakukosea kabisa. Walipoulizwa baadaye, wengine walisema walidhani macho yao ndiyo yana hitilafu. Wengine walijua kabisa jibu ni la uongo, ila hawakutaka kuonekana wao ndio wa ajabu.

Na haikuhitaji umati. Asch alipoweka mtu mmoja tu wa kutaja jibu la uongo, anayejaribiwa karibu hakuyumba. Alipoweka watatu, karibu nguvu yote ya kundi ilikuwa imeshafika. Hesabuni basi: tapeli anahitaji laini tatu, na yeye anazo mkoba mzima.

Msidhani pia kwamba mashahidi wote huwa bandia. Wa kweli ni hatari zaidi. Mnaikumbuka DECI, ule upatu wa hapa Tanzania, mwaka 2009? Watu "walipanda mbegu" na "kuvuna", viongozi wake walikuwa wachungaji, na waliokuja kukushawishi ni watu mliokaa nao benchi moja kanisani, tena walikuwa wamevuna kweli. Mavuno yao yalikuwa pesa ya waliofuata nyuma yao. Serikali ilipoingilia kati, wapo wanachama walioikasirikia serikali kwa kuwakatia riziki. Viongozi walifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa kuendesha upatu haramu. Wakenya nao walikuwa wametoka kuumizwa na upatu wa namna hiyo, na kikosi kazi cha serikali yao kilikuta wananchi wamepoteza takribani shilingi bilioni 8 za Kenya. Albania mwaka 1997 kampuni za upatu zilipoporomoka nchi nzima iliingia kwenye ghasia na watu wapatao 2,000 wakafa. Huko wengi walikuwa wamewekeza kwa sababu wengi walikuwa wamewekeza.

Narudi kwa mama mdogo, maana kuna mtu mmoja aliyejaribu kumwokoa. Wakala wa pesa za simu wa pale karibu na kibanda chake alipoona jina lililotokea kwenye simu, jina la mtu binafsi na si la kampuni, tena tofauti na la juzi yake, alimuuliza: "Mama, huyu unamfahamu?" Swali zuri kuliko yote aliyoulizwa mwezi huo. Lakini kundi lilikuwa limeshawaonya mapema kwamba mawakala na ndugu watawakatisha tamaa kwa wivu, msiwaambie. Akajibu ni mhasibu wa kampuni, akatuma.

Kwa hiyo wakikuambia usimwambie mtu, mwambie mtu. Katika majaribio yale ya Asch, alipowekwa chumbani mtu mmoja tu anayesema jibu la kweli, makosa yalishuka hadi kama robo ya yale ya mwanzo. Mmoja anatosha, ila awe nje ya kundi, asiwe na senti yake humo, na asiwe aliyekualika, kwa sababu aliyekualika mara nyingi anapata kamisheni au anaogopa kupoteza aliyoweka. Mpe simu asome mwenyewe. Usimsimulie, kwa sababu ukisimulia utasimulia kwa maneno ya kundi.

Na kama bado umo ndani na una wasiwasi, mtumie ujumbe wa faragha mmoja wa wale wanaoshukuru kila siku. Muulize anaishi mtaa gani, mpigie simu ya kawaida. Mama mdogo alijaribu kwa wawili, tena kwa kuchelewa. Hakuna aliyepokea, na kesho yake akatolewa kwenye kundi.

Ukishatuma pesa, piga mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wako uombe muamala uzuiwe, saa hiyohiyo, kwa sababu hela haikai kwenye namba yao. Usifute mazungumzo hata kama yanakuaibisha. Chukua meseji za miamala zenye namba za kumbukumbu, nenda polisi ufungue jalada. Namba zinazokutumia meseji za utapeli zitume kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli hapa Tanzania. Piga *106# uone kama kuna laini zimesajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Kabla ya kuweka fedha popote panapoitwa uwekezaji, uliza Benki Kuu au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama wana leseni. Cheti chao cha BRELA walichokitundika kwenye kundi ni cha usajili wa kampuni, hakiwaruhusu kukusanya pesa za watu.

Jambo la mwisho, nalo limeshamfika mama mdogo wiki hii. Baada ya kuliwa, atakutafuta "wakili" au "kijana wa mtandao" anayesema anaweza kurejesha fedha zako, utangulize gharama kidogo. Atakuingiza kwenye kundi la watu waliorejeshewa, na wote humo watakuwa wanashukuru. Usiingie.