Springi nzito za nyuma kwenye Prado ya kuvuta boti: wiki sita baadaye

Asalaam aleikum ndugu zangu, karibuni tena uani kwangu. Leo sina gari jipya. Ni Prado hii hii ya 2007, ile inayoburura boti kutoka Nyali hadi Mtwapa. Ila njooni huku nyuma mtazame. Boti imeshafungwa, na gari limesimama sawa. Mngeliona miezi miwili nyuma mngesema punda wa maji kazidishiwa madumu.

Nilipima kabla ya kugusa spana. Unaweka futi katikati ya gurudumu, unapanda nayo hadi ukingo wa bodi. Gari tupu: sentimita 49. Nikifunga trela na kupakia vitu: 43. Na nyuma ikishuka, mbele hunyanyuka. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinaelekea mbinguni. Usiku, barabara ya Malindi, kila matatu iliyokuja ilinimulikia kwa hasira, na haki yao.

Sasa hapa niliingia choo cha kike: nilinunua shokomzoba. Nikafunga, nikarudi kupima. 43! Jamani, kwenye gari kama hili shokomzoba haibebi mzigo. Springi ndiyo inayobeba. Shokomzoba kazi yake ni kuituliza springi ukishapita tuta, isibaki inachezacheza. Zangu za zamani zilikuwa zinavuja mafuta, kwa hiyo pesa haikupotea yote, lakini ugonjwa ulikuwa kwingine.

Mara ya pili nikatumia akili. Rafiki yangu anayeuza viazi Kongowea aliniazima mizani ya kupimia magunia. Tukaiweka chini ya ulimi wa trela, pale panapokaa kwenye mpira wa kuvutia (ile tufe ya chuma nyuma ya gari), trela ikiwa imelala sawa kama inavyovutwa. Kilo 130. Boti na trela yake ni kama kilo 1,300, kwa hiyo ni sehemu moja ya kumi, na hapo ndipo panapotakiwa. Lakini sikilizeni: ule mpira uko nyuma ya ekseli, kwa hiyo unafanya kazi kama mtaimbo. Kilo 130 pale zinaikandamiza ekseli ya nyuma kwa zaidi ya 130, na ziada hiyo inaibwa mbele. Ongeza petroli ya injini ya boti, sanduku la vifaa na barafu ya samaki.

Watengenezaji kama Old Man Emu wa Australia hutoa springi za gari moja kwa madaraja, kulingana na uzito unaobeba kila siku. Muuzaji mmoja alinishikia zile nzito kuliko zote, "chukua hizi bosi, hutarudi tena". Nikakataa. Siku nne kwa wiki gari hili halivuti kitu, linapeleka watoto madrasa. Nikachukua daraja la kati.

Kufunga kwenyewe si kazi ngumu. Chasi inakaa juu ya stendi imara (jeki peke yake usiiamini, wala mawe), unafungua shokomzoba upande wa chini, unaachia mpira wa breki usivutike, unateremsha ekseli polepole, springi inatoka kwa mkono. Kilichotula siku nzima ni kutu. Trela inaingia maji ya chumvi kila wiki, na magurudumu ya nyuma nayo yanalowa. Bolti za mikono inayoishika ekseli kwenye chasi zilikuwa zimeshikana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, kile kipande cha mpira kwenye kiungo cha mkono. Tulipaka mafuta tangu jana yake, tukapiga nyundo, tukapasha moto. Mbili zilikubali. Mbili tulizikata, na bushi zikaenda nazo. Kwa hiyo ukiwa Pwani, nunua bushi na bolti mpya kabla hujaanza.

Na hili, tafadhali, msimame juu ya kichwa cha fundi: bolti za bushi zisikazwe gari likiwa linaning'inia. Zisogeze kwa mkono tu, shusha gari likae kwa magurudumu yake, ndipo ukaze. Mpira wa bushi umegandana na chuma pande zote mbili, ndani na nje. Ukiukaza ekseli ikiwa chini, utaishi umejipinda muda wote gari liko barabarani, na hautachukua muda kuchanika.

Matokeo: gari tupu 54, na trela 49. Bado linashuka, sentimita 5, lakini linashukia pale lilipokuwa likisimama tupu. Kwenda Kilifi na boti, usukani una uzito wake na sijamulikiwa na mtu. Ubaya upo. Bila boti, matuta ya Bamburi nayahesabu kwa uti wa mgongo, na mama watoto ameshasema atapanda tuktuk. Anayevuta mara mbili kwa mwaka asifuate njia yangu.

Halafu msidanganyane: springi haiongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kuvuta. Breki ni zile zile, ekseli ni ile ile.

Mpira wa maji uko pale ukutani. Nikirudi leo, kabla ya chai, chini yote inaoshwa kwa maji baridi. Maji yanajaa saa tisa, boti lazima iteremke kabla hayajaanza kutoka. Swali andikeni hapo chini, nitajibu usiku.