Gikomba kwa jicho la mvalishaji wa waigizaji

Mimi huvalisha waigizaji wa tamthilia za televisheni hapa Nairobi, na hakuna duka ninalolitegemea kama soko la mitumba la Gikomba. Naandika haya kwa ajili ya wadogo zangu wanaoingia kwenye kazi hii na kukimbilia maduka ya katikati ya jiji.

Nguo mpya humwumbua mhusika. Shati la makanga wa matatu linatakiwa liwe limefifia mabegani na kulegea kola. Ukilinunua jipya, utakesha ukilisugua kwa msasa na kulichovya kwenye chai ya rangi ili weupe upungue. Gikomba unalikuta tayari limevaliwa, limefuliwa na kuanikwa juani miaka.

Fika alfajiri, belo, yale marobota ya mitumba, zinapofunguliwa. Utasikia, "Dada, hii ni kamera, haijaguswa!" Ni kweli, nguo za daraja la kwanza, ndizo hizo kamera, hutoka saa hizo, nazo humfaa mhusika tajiri. Lakini mara nyingi mimi huomba fagia, yale mabaki ya mwisho, na muuzaji hushangaa. Epuka mistari myembamba iliyobanana, maana hucheza kwenye picha, na nembo kubwa za kampuni, maana zitaleta maswali ya ruhusa.

Upungufu mkubwa ni kwamba kila nguo iko peke yake. Mhusika akichomwa kisu, tukio hurudiwa, na mimi nahitaji mashati matatu yasiyotofautiana hata kifungo. Hapo nanunua kitambaa na kumpelekea fundi. Mafundi wa cherehani wamo humo humo sokoni, wana mikono myepesi na wanaelewa haraka.

Hadithi za miaka ya 1980 nazo zinahitaji uangalifu. Wakati ule mitumba haikuwa imetapakaa namna hii. Watu wengi walishonewa nguo kwa vitambaa vya viwanda vya nyumbani, kama Rivatex ya Eldoret na Kicomi ya Kisumu. Ukimvika karani wa enzi hiyo koti la mtumba kutoka Ulaya, mzazi wako ataligundua akiwa kwenye kochi. Kagua lebo pia: yenye anwani ya tovuti irudishe.

Risiti zilikuwa tabu, ila sasa karibu kila mtu hupokea M-Pesa, na mhasibu wa utayarishaji hukubali ujumbe ule ukiandamana na picha ya nguo. Vaa viatu vya matope, na mkokoteni ukija, pisha.

Nampa Gikomba nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya moto. Soko limeungua mara nyingi mno, na kila likiungua watu wanaotuvalishia tamthilia zetu huanza upya bila mtaji. Njia za kupita magari ya zimamoto zifunguliwe, nami nitaitoa hiyo nyota kwa moyo mweupe.