Printa ya picha ya nyumbani: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Dukani watu wengi huanza na "hii bei gani?", na hapo ndipo hasara inapoanzia. Printa ya bei ya chini kuliko zote kwenye rafu mara nyingi ndiyo yenye wino ghali kuliko zote, na hakuna kazi inayokula wino kama picha. Barua huacha sehemu kubwa ya karatasi ikiwa nyeupe. Picha ya 4R, ile ya sentimita 10 kwa 15, hufunikwa rangi kona hadi kona. Kwa hiyo ulizia kwanza bei ya wino na ya karatasi, halafu ndiyo uulize ya mashine.

Nimezipanga printa hizi kwa mambo matatu: uso wa mtu unatokaje, picha moja inagharimu nini ukijumlisha wino na karatasi, na mashine ikikaa wiki kadhaa bila kuguswa inaamkaje. Kasi sikuijali. Nyumbani nani anakimbizwa?

1. Epson L8050

Hii ina matangi sita ya wino: nyeusi, sayani (buluu ya samawati), majenta (waridi iliyokolea), njano, halafu sayani hafifu na majenta hafifu. Hizo mbili za mwisho ndizo unazozitolea pesa. Printa ya rangi nne ikitaka kuchora shavu lililopigwa na mwanga, hutawanya vitone vichache vya wino mzito na kuacha weupe katikati. Sogeza picha karibu na macho utaona chembechembe, kana kwamba uso umenyunyiziwa vumbi. Yenye rangi hafifu huweka vitone vingi ambavyo jicho halivioni, na ngozi inatoka laini. Kwa sisi weusi tofauti hiyo hujitokeza pale mwanga unapogonga paji la uso na mfupa wa shavu, mahali ambapo kahawia inapanda kuelekea nyeupe. Printa dhaifu hapo huvunja rangi vipande vipande.

Inachapa hadi A4 bila pambizo, na inakubali pia kadi za plastiki na diski, jambo ambalo mwenye kibanda cha vitambulisho atalipenda. Chupa zake za wino, namba 108, zina midomo iliyotengenezwa kila rangi iingie kwenye tangi lake tu, kwa hiyo huwezi kumimina njano kwenye tangi la nyeusi hata ukiwa na usingizi.

Ubaya wake ni kwamba haina skana. La pili, hedi, yaani sehemu inayotema wino, imefungwa ndani ya mashine. Ikiziba kabisa utamtafuta fundi, na bili yake inaweza kukufanya uanze kufikiria printa mpya. Usishangae pia seti ya kwanza ya wino ikiisha mapema: sehemu yake hutumika kujaza mirija siku ya kuiwasha. Hesabu ya kweli ianzie seti ya pili.

2. Canon PIXMA G640, au G540 kama huhitaji skana

Ulaya utazikuta kwa majina ya G650 na G550. Nazo ni za rangi sita, ila mpangilio ni mwingine: badala ya rangi hafifu, Canon wameongeza nyekundu na kijivu. Nyekundu utaiona kwenye kitenge, kanga na maua ya harusi, ambako printa nyingine huiegemeza kwenye chungwa. Kijivu husaidia vivuli na picha za nyeusi na nyeupe zisiingie ukijani. Kwa ngozi bado naipa Epson mbele kidogo. Kwa nguo, Canon.

Canon wanasema seti moja ya wino hutoa picha za 4R hadi 3,800. Hata ukipunguza kwa ajili ya usafishaji wa hedi, nyumba ya kawaida haimalizi seti hiyo upesi.

Sababu kubwa ya kuipenda iko kwingine. Hedi zake zinatoka, unazibadilisha mwenyewe. Na wino taka, ule unaomwagika wakati printa inajisafisha, unaingia kwenye kasha la MC-G02 linalochomolewa na kuwekwa jipya. Kwenye printa nyingi za zamani wino huo hufyonzwa na sponji iliyo chini ya mashine, na sponji ikijaa printa inagoma hadi fundi aifungue. Ukikaa Dar au Nairobi hilo ni usumbufu tu. Ukikaa Songea au Lodwar ni safari na nauli, na hapo ya pili inakuwa ya kwanza.

Onyo linalozihusu zote mbili: wino wao mweusi ni wa aina ile ile ya rangi nyingine, unaoyeyuka kwa maji. Picha inatoka nzuri, lakini mkataba uliochapwa humo ukidondokewa na chai, maandishi yanatembea.

3. Canon SELPHY CP1500

Hii si ya wino hata kidogo, na wapo watakaosema haistahili kuwa kwenye orodha. Nimeiweka kwa sababu ni jibu la watu ambao printa za wino huwafia mikononi: wanaochapa picha za Idi, kisha wanakaa kimya hadi siku ya kuzaliwa ya mtoto. Wino ukikaa bila kutumika hukauka kwenye matundu ya hedi. SELPHY haina matundu wala wino wa kukauka. Ina utepe wa rangi unaopashwa joto, rangi inageuka mvuke na kujikita kwenye karatasi.

Kuitazama ikifanya kazi ni burudani. Karatasi inaingia na kutoka mara nne: kwanza njano, kisha majenta, kisha sayani, mwisho tabaka la kinga lisilo na rangi. Kila mara karatasi huchungulia nyuma ya mashine, kwa hiyo usiisogeze ikagusa ukuta. Picha inatoka kavu, unaweza kumkabidhi mtoto papo hapo.

Gharama yake haina mafumbo. Pakiti ya KP-108IN ina karatasi 108 na utepe wa kutosha picha 108. Gawa bei ya pakiti kwa 108 umepata gharama ya picha moja, iwe ya mchana wa jua au ya usiku mweusi, maana kila picha hula kipande kile kile cha utepe. Kawaida utakuta ni ghali kuliko wino wa tangi. Na huwezi kupata A4. Mwisho wake ni saizi ya postikadi. Ukiwa nje ya mji mkubwa, nunua pakiti za ziada siku hiyo hiyo, kwa sababu duka linalouza mashine si lazima liwe na pakiti zake mwezi ujao.

4. Za tangi lenye rangi nne: Epson L3250, Canon G3410 na ndugu zao

Hizi ni printa za nyumba yenye wanafunzi. Zina skana, zinatoa kopi, zinaunganishwa na simu kwa waifai, na wino wake ni wa bei ya kuvumilika: Epson wanakadiria chupa za L3250 hutoa kurasa 7,500 za rangi. Hizo ni kurasa za nyaraka, si picha. Picha zake zinafaa kwa albamu na ubao wa shule, ila chembechembe nilizozitaja utaziona kwenye nyuso. L3250 haichapi A4 bila pambizo. Mwisho wa bila pambizo ni 4R. Kwenye G3410 wino mweusi ni wa chembe za rangi, hauyeyuki ovyo, kwa hiyo barua zake zinatoka nzito na zinavumilia unyevu. Kama nusu ya kazi yako ni nyaraka, nunua hii na picha za maana uzipeleke studio.

5. Za katriji

Ndizo zile ndogo zinazouzwa kwa bei ya kutupa, ambazo wino wake haumiminwi kwenye tangi bali huja ndani ya kikasha cha kubadilisha, yaani katriji. Katriji ya rangi ya HP 305 ya kawaida imekadiriwa kurasa 100 hivi za nyaraka. Kwa picha zinazojaza karatasi, utarudi dukani kabla hujamaliza kuwapelekea ndugu nakala. Ukipewa zawadi, pokea. Usiinunue kwa ajili ya picha.

Na kama mahitaji yako ni paspoti saizi mara moja kwa mwaka, steshenari ya mtaani itakuhudumia kwa nafuu kuliko chochote hapo juu. Ukitaka mwenyewe, picha za milimita 35 kwa 45 zinaingia nane kwenye karatasi moja ya 4R.

Karatasi ina mchango sawa na mashine

Watu huilaumu printa kwa kosa la karatasi. Zinazong'aa ziko za aina mbili na dukani zinafanana. Moja ni karatasi ya kawaida iliyopakwa juu. Ya pili ina utando wa plastiki pande zote mbili, ile wanayoiandika RC. Chana kona: ya kwanza inachanika kama daftari, ya pili inavutika na kuacha ukingo wa plastiki. RC ndiyo ya picha za kutunza. Ile nyingine inafaa vipeperushi na picha za mzaha, na kwenye mvua za masika mjini Tanga au Mombasa inajikunja kabla hujaitia kwenye fremu. Uzito wa gramu 230 hadi 260 unatosha.

Kama hujui upande upi ni wa kuchapia, lowesha kidole kidogo uguse pembeni: upande wa kuchapia unanata. Karatasi zinazobaki zirudishe kwenye mfuko wake na uufunge vizuri, maana unyevu wa pwani unaingia kimya kimya na wino unakuja kutambaa.

Halafu iambie printa umeweka karatasi gani. Mpangilio wa kwanza ni wa karatasi ya kawaida. Ukichapa hivyo kwenye karatasi ya picha, rangi inapauka na nyuso zinaingia majivu. Chagua karatasi ya picha na ubora wa juu, kisha tazama tena kabla ya kuilaani mashine.

Picha nayo iwe nzima. Ili 4R itoke kali unahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800, na simu yoyote ya leo inazo. Tatizo ni WhatsApp, inayozibana picha njiani. Mwambie shangazi aitume kama dokumenti. Na kumbuka picha ya simu huwa na umbo la 4 kwa 3, wakati 4R ni 3 kwa 2. Picha ya ukoo iliyopigwa kwa upana itakatwa juu na chini, na mara nyingi mrefu wa familia ndiye anayepoteza nywele. Acha nafasi wakati wa kupiga. Punguza pia mwanga wa skrini unapohariri; skrini iliyowashwa hadi mwisho inakudanganya kwamba picha ina mwanga wa kutosha, kisha karatasini inatoka nyeusi.

Umeme na matunzo

Zima printa kwa kitufe chake, si kwa kuchomoa waya wala kuzima soketi ukutani. Ukibonyeza kitufe, hedi hurudi pembeni na kufunikwa na kifuniko cha mpira kinachozuia wino kukauka. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hedi inabaki wazi. Ukirudi tu, iwashe ijifunike. Chapa picha moja yenye rangi zote kila wiki, hata kama huna haja nayo. Mistari ikianza kuonekana, safisha hedi mara moja au mbili kisha iache hadi kesho. Kusafisha mfululizo mara sita ni kumwaga wino tu.

Kuhusu L805 za mitumba

Utaziona nyingi, na kwa haki: ilikuwa printa nzuri ya rangi sita, mtangulizi wa L8050. Lakini nyingi kati ya zinazouzwa zimeshatiwa wino wa sablimesheni, ule wa kuchapia vikombe na fulana. Wino huo kwenye karatasi ya picha hutoka umepauka, kwa sababu unangoja joto la mashine ya kubandika ndipo uchangamke. Kuusafisha wote kwenye mirija ili urudishe wino wa picha ni kazi na hasara.

Nenda na karatasi yako ya picha na picha ya uso wa mtu unayemfahamu. Omba kwanza ukurasa wa kukagua matundu: mistari ya rangi zote sita iwe haijakatika popote. Kisha chapa ile picha. Uliza sponji ya wino taka ilibadilishwa lini, na kama kompyuta imeshaonyesha ujumbe wa kwamba inakaribia kujaa. Ukiridhika, iondoe ikiwa imesimama wima, kwenye gari na si nyuma ya bodaboda, kwa sababu matangi yakilala wino unapita usipotakiwa. Muuzaji akisema hakuna umeme wa kuijaribu leo, rudi siku ambayo upo.