Peponi na kijitabu cha maboyi: vitabu viwili ninavyosoma Lubumbashi

Vitabu viwili viko mezani kwangu kwa sasa, na sioni sababu ya kungoja hadi nivimalize vyote ndipo niseme ninavyoviona. Cha kwanza ni Peponi, yaani riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ikatafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022. Cha pili ni kijitabu ambacho wakaaji wengi wa Lubumbashi hawajui kwamba kipo, ingawa kiliandikwa hapa hapa mwaka 1965, kwa Kiswahili cha hapa hapa: Vocabulaire de ville de Elisabethville, alichokitunga André Yav kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, au maboyi kama walivyoitwa. Sikukusudia kuvisoma pamoja. Hata hivyo, kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyoona kwamba vinahitajiana, kwa sababu vyote viwili vinasimulia historia kutoka upande wa mtu anayetumwa: yule anayefungua duka alfajiri, anayepika, anayebeba mizigo, na anayesikia mazungumzo ya mabwana bila kuulizwa maoni yake.

Nianze na Peponi, ambayo nimeimaliza. Yusuf ana umri wa miaka 12 baba yake anapomkabidhi kwa mfanyabiashara Aziz, mtu mpole, mwenye manukato na adabu, ambaye mtoto amezoea kumwita ami. Baada ya kufika pwani ndipo anapoelezwa na Khalil, kijana anayeuza dukani, kwamba Aziz si ami wa mtu yeyote, na kwamba wote wawili wamewekwa rehani kwa madeni ya wazazi wao. Hakuna anayempiga mtoto huyu wala kumfunga minyororo. Analala barazani, anafanya kazi, anakua, na nyuma ya ukuta wa nyumba kuna bustani nzuri ambayo mzee Hamdani anaitunza kwa ukimya. Gurnah hatuelekezi tumchukie Aziz, na hapo ndipo nguvu ya riwaya ilipo, maana msomaji anajikuta akivutiwa na mtu ambaye utajiri wake wote umejengwa juu ya watoto wa watu wengine. Katika nyumba zetu za Lubumbashi wamo vijana wengi walioletwa kutoka kijijini na kuitwa watoto wa ndugu, ambao hawaendi shule na hawalipwi. Kwa hiyo sura za mwanzo hazitakuwa ngeni kwa msomaji wa hapa, hata kama bahari hajawahi kuiona.

Sehemu iliyonifanya niiweke riwaya hii juu ya nyingine nilizosoma karibuni ni safari ya bara. Msafara wa Aziz, ukiongozwa na mnyapara Mohammed Abdalla, au kapita kama tunavyosema Katanga, unapita katika nchi nyingi, unalipa hongo kwa wakubwa wa njiani, unavuka ziwa, na kuingia Marungu, katika nchi ya sultani Chatu. Marungu ni milima iliyo kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, katika eneo ambalo lilihesabiwa ndani ya jimbo la Katanga hadi majimbo yalipogawanywa mwaka 2015. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au wa London, huko ni mwisho wa dunia, mahali penye ukungu na hatari. Kwa msomaji wa Lubumbashi, msafara umefika nyumbani, na sisi ndio tunaosimama ukingoni tukiwatazama wageni wakishusha mizigo yao.

Chatu hawapokei kama walivyotarajia. Usiku wanavamiwa, wanapigwa, baadhi yao wanauawa, na mali yote inachukuliwa. Anapotakiwa kujieleza, Chatu anasema kupitia kwa mkalimani kwamba wafanyabiashara wa aina yao walikwisha kupita kwake na kumdanganya, na kwamba sasa anajilipa. Nilipofika hapo nilisimama na kurudia kurasa zile, kwa sababu ni sehemu chache sana za riwaya ambapo mtu wa bara anapewa nafasi ya kutaja hesabu zake mwenyewe, na hesabu hizo ni sahihi. Kisha anatokea Mzungu mmoja na askari wake, anasikiliza kidogo, anaamuru mali irudishwe, na ghafla wote wawili, mdai na mdaiwa, wanakuwa watoto mbele yake. Mali inayorudi ni pungufu, msafara unarudi pwani na hasara, na biashara ile ya zamani inaonekana wazi kwamba imekwisha. Sijasoma maelezo mafupi na makali zaidi kuhusu namna ukoloni ulivyoingia kama mwamuzi katika ugomvi usiomhusu.

Historia yetu inayo mfano wake halisi. M'siri, mfalme wa Wayeke huko Bunkeya, alikuwa mtoto wa familia ya wafanyabiashara kutoka Unyamwezi waliofuata shaba ya Katanga, na utawala wake ulisimama juu ya shaba, pembe za ndovu na watumwa, huku bunduki na baruti zikimfikia kutoka pwani ya mashariki na kutoka Benguela upande wa magharibi. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa faida ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mtoto wa shule hapa anaijua tarehe hiyo, lakini mara nyingi anafundishwa kana kwamba kabla ya siku ile hapakuwa na kitu isipokuwa giza na wafalme wakatili. Peponi inamsaidia kuona kwamba kulikuwa na dunia nzima ya mikopo, ahadi, ujanja na heshima kati ya pwani na bara, dunia isiyokuwa ya haki, ambayo hata hivyo ilikuwa na kanuni zake.

Jambo jingine litakalomgusa msomaji wa Katanga ni jina la kijana mwenyewe. Wengi wetu hapa ni Wakristo, na kisa cha Yusufu na mke wa Potifa tunakijua kutoka Mwanzo sura ya 39, ambapo mwanamke anabaki na vazi la kijana mkononi na kulitumia kumshtaki. Gurnah anafuata masimulizi ya Waislamu, ambamo mwanamke anaitwa Zulekha, na katika Kurani shati lililochanika kwa nyuma linakuwa ushahidi kwamba kijana alikuwa akikimbia. Mke wa Aziz katika riwaya anaitwa Zulekha, na shati pia lipo. Anayezijua simulizi zote mbili atafurahia sura za mwisho maradufu. Asiyeijua hii ya pili aanze kwa kusoma sura ya 12 ya Kurani, ambayo ni fupi na nzuri kwa usimulizi wake.

Kuhusu lugha, nitasema wazi kwamba Peponi si rahisi kwa mtu aliyelelewa katika Kiswahili cha Lubumbashi na kusomeshwa kwa Kifaransa. Kiswahili cha pwani kina utajiri wa majina ya mavazi, vyakula, sehemu za nyumba na mambo ya ibada ambayo hayakufika kwetu, na kurasa za kwanza zinataka subira. Baada ya hapo sikio linazoea, na faida yake ni kubwa. Watu hawa, katika maisha wanayosimuliwa, wangezungumza Kiswahili, na katika tafsiri matusi ya mnyapara, utani wa Khalil na mabishano ya Kalasinga, yule Singasinga anayetaka kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili ili watu waone wanachokiamini, yanasikika kama mazungumzo ya watu waliokaa barazani. Niliwahi kuisoma riwaya hii kwa Kifaransa miaka iliyopita, na nakiri kwamba wakati ule Kalasinga hakunichekesha hata kidogo.

Kasoro nazo zipo. Amina, dada wa kulea wa Khalil, ambaye mateso yake ni mazito kuliko ya Yusuf, anachelewa mno kuingia na anazungumza kwa muda mfupi mno. Masimulizi ya maisha ya mjini kwa Hamid Suleiman, mfanyabiashara ambaye Yusuf anaachwa kwake, ni marefu kuliko yanavyostahili. Na kasoro kubwa kwa jicho la mtu wa bara ni kwamba, ukimwondoa Chatu, watu wa nchi zinazopitwa na msafara wanabaki kundi lisilo na nyuso. Wasafiri wanawaita washenzi, na mwandishi bila shaka anataka tuwaone wasafiri hao kuwa wajinga kwa kusema hivyo, lakini hatupi mtu mmoja wa kijiji ambaye tungeweza kumkumbuka kwa jina kama tunavyomkumbuka Khalil.

Hapo ndipo kijitabu cha Yav kinaponifaa, ingawa hakilingani na riwaya kwa ufundi na hakikutaka kulingana nayo. Licha ya jina lake, hakifundishi maana za maneno. Ni historia ya mji, iliyopigwa kwa taipu na kunakiliwa, ambayo watu waliopika, waliofua na kulea watoto katika nyumba za Wazungu wa Elisabethville waliona lazima iandikwe kabla hawajafa. Angalia mwaka wenyewe: 1965, miaka miwili tu baada ya kujitenga kwa Katanga kumalizika, na mwaka mmoja kabla ya mji kubadilishwa jina kuwa Lubumbashi. Msimulizi anarudi hadi mwanzo, kwa Leopold na kwa wafalme wa kienyeji, anafuata watumishi walioongozana na mabwana wao, na anawataja Wazungu kwa majina ya utani waliyopewa na Waafrika, ambayo wenyewe pengine hawakuyajua. Haombi huruma. Anataka ijulikane kwamba boyi alikuwepo wakati mji unajengwa, kwamba aliona, na kwamba alilipwa kidogo.

Kukisoma ni kazi. Hakuna alama za vituo za kutegemea, maneno yameunganishwa na kukatwa kwa namna ambayo shule haikuifundisha, na matukio yanarukaruka. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza katika kitabu kiitwacho History from Below, akishirikiana na Kalundi Mango, ilibidi matini isomwe kwanza kwa sauti ndipo ieleweke. Nami nimefanya hivyo, kwa mzee mmoja wa mtaa wetu wa Kamalondo ambaye baba yake alikuwa mpishi wa Wabelgiji. Nilikuwa nikikwama kila mstari wa pili, hadi aliponiambia: "Soma polepole, mwanangu, huyu baba anaongea, usimharakishe." Tangu hapo ukurasa ulifunguka. Lugha iliyokuwa inaonekana kuwa makosa matupu ikawa ni ileile ninayoisikia katika soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, na kwenye mabasi ya mtaa wa Katuba, na mzee akawa ananisahihisha mahali ambapo macho yangu yalitaka kulazimisha Kiswahili cha vitabuni.

Kasoro ya Yav ni kinyume cha ile ya Gurnah. Anawapa watumishi nafasi yote, lakini hatuambii walivyojisikia. Hakuna bustani, hakuna usiku wa hofu, hakuna mtoto anayemkumbuka mama yake. Kila mmoja ni boyi wa bwana fulani, na maisha yake yanahesabika kwa mabwana aliowatumikia. Ninapotoka kwake na kurudi kwa Yusuf na Khalil, ninawapa wapishi wale mawazo ambayo Yav hakuyaandika. Ninapotoka kwa Yusuf na kurudi kwa Yav, ninajua jinsi mambo yalivyoendelea baada ya msafara wa mwisho: reli ikafika kutoka kusini mwaka 1910, migodi ya kampuni ya Union Minière ikafunguliwa, na watu wa bara wakawa wanatumwa na mabwana wengine.

Kwa anayetaka kuvipata: Peponi sijaiona katika maduka ya vitabu ya mjini, ambako rafu zimejaa Kifaransa, na Kiswahili kinabaki kwa Biblia na vitabu vya nyimbo. Nakala yangu niliagiza kwa mfanyabiashara wa vitambaa anayenunua mali Dar es Salaam, nayo ikaja ndani ya mzigo wake kwa njia ya Tunduma na Kasumbalesa, jambo ambalo Aziz angelielewa vizuri. Kijitabu cha Yav kinapatikana bure kwenye intaneti, maandishi ya asili pamoja na tafsiri, na hakili mega nyingi. Ningependa siku moja kione karatasi hapa mjini, kikiwa na tahajia ya mwandishi bila kusafishwa, na bei ambayo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi anaweza kuimudu.

Asiye na muda wa vyote viwili achukue Peponi, na akichoshwa na sura za dukani avumilie hadi msafara uvuke ziwa. Kuhusu mwisho wake, wasomaji wenzangu wawili wameulalamikia, wakisema unakatika ghafla: vita vya mwaka 1914 vinaanza, jeshi la Wajerumani linakamata watu wa kubeba mizigo, na Yusuf anakimbia kuwafuata askari. Mimi siukatai mwisho huo. Mtu wa Katanga anajua kilichokuwa kinakuja kutoka upande wa pili, kwani mnamo Septemba 1916 ni askari wa Force Publique, Waafrika kutoka Kongo chini ya maofisa wa Kibelgiji, walioiteka Tabora, na baadhi ya familia za hapa bado zina babu aliyekwenda huko.